Vifaranga waliochanjwa Gumboro wamekufa: je, kinga ya mama ndiyo iliyoiua chanjo?

mlezi_mpya aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa kuelewa jambo lililonigharimu sehemu ya kundi langu. Nilipokea vifaranga 600 wa kuku wa nyama wakiwa na umri wa siku 1. Siku ya 7 niliwapa chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa vifaranga, kwenye maji ya kunywa, ile ya nguvu ya kati, kwa kufuata ratiba niliyokabidhiwa pamoja na vifaranga wenyewe. Sikurudia chanjo, kwa sababu ratiba haikutaja kurudia.

Hadi siku ya 23 sikuona tatizo lolote. Siku ya 24 asubuhi niliwakuta wengi wamejikunyata, manyoya yamesimama, wanaharisha majimaji meupe, na baadhi yao wanajidonoa sehemu ya haja. Vifo vilipanda kwa siku 3, kisha vikashuka ghafla, na siku ya 6 ya ugonjwa banda lilikuwa limetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipoteza vifaranga 87. Waliopasuliwa walikutwa na madoa ya damu kwenye misuli ya mapaja na kifua, na bursa, kile kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja, ilikuwa imevimba na kufunikwa na ute wa rangi ya manjano.

Nilipouliza, nilipata maelezo mawili yasiyopatana. Mmoja alisema vifaranga walikuwa na kinga nyingi kutoka kwa mama zao, na kinga hiyo ikaiua chanjo. Mwingine alisema mama zao hawakuchanjwa ipasavyo, ndiyo maana vifaranga hawakuwa na kinga. Kituo kilichoniuzia vifaranga hakikunijibu chochote nilipotaka kujua historia ya kuku wazazi, ila kwa bahati nilifahamu baadaye kwamba mayai yalitoka katika makundi mawili ya wazazi wenye umri tofauti.

Maswali yangu ni haya. Kati ya maelezo hayo mawili, lipi ni sahihi? Na ikiwa kinga ya mama inaua chanjo, si ingekuwa afadhali kuku wazazi wasichanjwe kabisa, ili kila kifaranga aanze upya na apokee chanjo bila kizuizi?

tabibu_wa_ndege alijibu:

Pole sana kwa hasara, ndugu. Umri wa vifaranga, kujidonoa sehemu ya haja, vifo vinavyopanda na kushuka ndani ya siku chache, na hali ya bursa, vyote vinaelekeza kwenye Gumboro. Kuhusu waliokueleza, wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kwa sababu ndani ya banda moja wanaweza kuwapo vifaranga ambao chanjo yao ilizimwa na kinga ya mama, na wengine ambao fungu lao la kinga lilikuwa dogo tangu mwanzo.

Tuanze na namna kinga hiyo inavyomfikia kifaranga. Ndama hupata kinga ya mama yake kwenye dang'a, baada ya kuzaliwa. Kuku hanyonyeshi, kwa hiyo kila atakachompa mwanawe lazima akiweke ndani ya yai kabla ya kulitaga. Kingamwili, yaani protini zinazokamata vimelea, za aina ya IgY hutoka kwenye damu ya kuku na kuingia katika kiini wakati kiini kinakua, kazi inayochukua takriban siku 7 hadi 10 kabla ya yai kukamilika. Yai likishaatamiwa, kijusi huzifyonza kutoka kwenye kiini, nyingi zaidi katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, na kifaranga huendelea kuzifyonza kwa siku chache baada ya kutoka, kwa kuwa mabaki ya kiini huingia naye tumboni. Ndiyo sababu kifaranga mwenye kitovu kilichooza, ambaye kiini chake hakifyonzwi vizuri, hupungukiwa hata na kinga. Jambo hili si geni: mwaka 1893 Felix Klemperer alionyesha kwamba kuku aliyekingwa dhidi ya sumu ya pepopunda huiweka kinga hiyo kwenye kiini cha yai.

Kinga hii ni ya kupewa. Kifaranga hakuitengeneza, na hawezi kuiongeza. Kwa kuku wa nyama, kingamwili za Gumboro hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3 hivi, na kwa kuku wa mayai hupungua polepole zaidi, karibu siku 5 kwa kila nusu, kwa sababu kuku wa nyama hukua upesi na akiba ileile husambazwa katika mwili unaopanuka kila siku.

Sasa tuje kwenye chanjo. Chanjo hai ya Gumboro haifanyi kazi mpaka virusi vyake vifike kwenye bursa na kuzaliana humo. Kingamwili za mama haziulizi kama virusi vimetoka kwenye kichupa cha chanjo au kwenye vumbi la banda, huvikamata vyote. Tofauti ni nguvu ya virusi. Virusi vikali vya ugonjwa huweza kuipenya kinga ambayo bado ni nzito mno kwa chanjo dhaifu. Hivyo hutokea siku kadhaa ambazo kifaranga ameshafunguka kwa ugonjwa lakini bado amefungwa kwa chanjo, na hapo ndipo makundi mengi huumia. Chanjo zimepangwa kwa ngazi za nguvu kwa sababu hiyohiyo: dhaifu, ya kati, na ya kati iliyoongezwa nguvu, ambayo hupenya mapema zaidi lakini nayo huichosha bursa kwa kiasi fulani, kwa hiyo haifai kupewa kifaranga asiye na kinga ya mama.

Kuhusu wazo la kuacha kuwachanja kuku wazazi, nakusihi uliondoe kabisa. Bursa ni kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja, na humo ndimo seli zinazotengeneza kingamwili hukomazwa. Bruce Glick na wenzake waliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1956. Virusi vya Gumboro huishambulia bursa yenyewe. Kifaranga akiambukizwa kabla ya wiki 3, mara nyingi haonyeshi dalili za wazi na hafi, na mfugaji hudhani amenusurika. Kumbe bursa imekwisha haribika, na kifaranga huyo hataitikia vizuri chanjo nyingine maishani mwake, ikiwamo ya mdondo (Newcastle). Kinga ya mama ndiyo inayoilinda bursa katika wiki hizo za mwanzo, wakati ambapo hakuna chanjo ya maji iliyo na muda wa kutosha kufanya kazi. Ukiiondoa ili chanjo ipite, umemfungulia mlango mgeni na mwizi kwa pamoja. Tena virusi hivi ni vigumu kufa. Vinaweza kubaki bandani kwa miezi baada ya kuku kuondolewa, kwa hiyo kifaranga huweza kukutana navyo tangu siku ya kwanza.

mtotoleshaji alijibu:

Nimefanya kazi ya kutotolesha kwa miaka mingi, na kilichonishtua katika maelezo yako ni makundi mawili ya wazazi. Kuku wazazi hupewa kwanza chanjo hai wakiwa wadogo, kisha hudungwa chanjo iliyouawa yenye mafuta kabla ya kuanza kutaga. Sindano hiyo ndiyo inayoinua kingamwili juu sana na kuziweka sawa kwa kundi zima. Miezi ya mwanzo ya utagaji, vifaranga hutoka na akiba kubwa. Kadiri mama anavyozeeka, akiba ya vifaranga wake hupungua, isipokuwa akichanjwa tena. Ukichanganya mayai ya wazazi walioanza kutaga karibuni na ya wazazi wanaokaribia kuondolewa, umepata kundi ambalo kwa macho ni la umri mmoja lakini kwa damu ni la umri mbili. Hakuna siku moja ya chanjo itakayowafaa wote.

Kituo kinachojiheshimu kinapaswa kumweleza mnunuzi mambo matatu bila kuombwa mara mbili: umri wa wazazi, chanjo walizopata na lini, na kama vifaranga wamechanjwa tayari kituoni. Hilo la mwisho watu hulisahau. Siku hizi zipo chanjo za Gumboro zinazotolewa kituoni, ndani ya yai siku ya 18 ya kuatamia au chini ya ngozi siku ya kuanguliwa. Aina moja hubeba virusi vya chanjo vikiwa vimefungamanishwa na kingamwili, ambavyo huanza kazi kinga ya mama inapopungua. Nyingine hutumia virusi vya bata mzinga vilivyopandikizwa kipande cha virusi vya Gumboro, na kingamwili za Gumboro kutoka kwa mama haziizuii. Zote mbili zilitengenezwa ili kulikwepa tatizo hilihili unalouliza.

Niongeze jambo lililo kando kidogo. Yapo magonjwa ya virusi ambayo mama ndiye kinga yenyewe, kwa sababu kifaranga huumia mapema kuliko chanjo yoyote inavyoweza kumwahi. Ugonjwa wa vifaranga wa kutetemeka, unaoshambulia ubongo, ni mmoja wao, na upungufu wa damu wa vifaranga unaosababishwa na virusi ni mwingine. Kwa ugonjwa wa kutetemeka, kuku wazazi huchanjwa katika umri wa ujana, angalau wiki 4 kabla ya kutaga, kwa sababu mama akiambukizwa wakati anataga hupitisha virusi vyenyewe kwenye yai badala ya kupitisha kinga. Kwa hiyo yanayomtokea mama kabla ya kutaga huamua mengi ya kifaranga kabla hata hajamwona mfugaji.

mwangalizi_wa_banda alijibu:

Nakubaliana na wakubwa waliotangulia, lakini naona kinga ya mama imekuwa ikilaumiwa hata pale isipohusika. Kabla hujafunga kesi, jiulize maji uliyotumia yalikuwaje. Maji yenye klorini huua chanjo kabla haijafika mdomoni. Uliweka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, takriban gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita, kabla ya kumimina chanjo? Uliwanyima maji kwa saa 1 au 2 ili wanywe wote kwa pamoja na kumaliza ndani ya saa 2? Vyombo vilitosha, au wale wanyonge walifika wakati wenzao wamekwisha kunywa? Chanjo ilikaa kwenye baridi wakati wote? Kifaranga ambaye hakunywa chanjo na kifaranga ambaye chanjo yake ilizimwa na kinga ya mama, siku ya 24 wanafanana.

mlezi_mpya aliandika:

Nawashukuru sana. Kwa ukweli wangu, maziwa niliweka na vichupa vilikaa kwenye barafu, lakini sikuwanyima maji, na vyombo vilikuwa 6 tu kwa vifaranga 600. Sitakana kwamba hapo nilikosea.

Bado nina mambo mawili. Kwanza, kundi lijalo nitaijuaje siku ya kuchanja bila kubahatisha? Pili, jirani yangu huwapa vifaranga kiini cha yai lililochemshwa siku za mwanzo, akidai kwamba kinawaongezea kinga ya mama. Je, lina ukweli?

mpima_damu alijibu:

Naanza na la jirani kwa sababu ni fupi. Kingamwili ni protini, na kuchemsha yai huziharibu kama kunavyougandisha ute. Kiini kilichochemshwa ni chakula tu. Na kukitoa kibichi si jawabu, kwa sababu yai bichi linaweza kuwapelekea vifaranga vimelea vya magonjwa mengine.

Kuhusu siku ya kuchanja, njia ya kuaminika ni kupima damu. Huchukuliwa damu ya vifaranga wasiopungua 18 au 20, kila mmoja kwenye chupa yake, na maabara hupima kiwango cha kingamwili za Gumboro kwa kipimo cha ELISA. Mimi hupendelea siku ya 4, kwa sababu siku za kwanza kiini bado kinafyonzwa na namba zinaweza kupotosha usipozirekebisha. Usikubali damu zote zichanganywe kwenye chupa moja ili kubana matumizi. Wastani pekee hauna faida kwako. Unachotafuta ni jinsi namba zinavyoachana.

Chukulia mfano wa vifaranga wawili wa kuku wa nyama. Siku ya 4, mmoja ana kiwango cha 2000 na mwenzake 500. Tuseme chanjo ya nguvu ya kati hupenya kiwango kinaposhuka hadi 125, ambayo ni namba inayotumiwa mara kwa mara katika hesabu hizi, ingawa vipimo vya watengenezaji tofauti havitoi namba zinazolingana na ni lazima umuulize aliyekupimia. Kwa kupungua nusu kila siku 3, yule wa 500 atafika 250 siku ya 7 na 125 siku ya 10. Yule wa 2000 atapita 1000, 500 na 250, na kufika 125 siku ya 16. Ukichanja siku ya 7, kama ulivyofanya, hakuna hata mmoja aliyefunguka. Ukichanja siku ya 10 pekee, umempata mmoja. Ukichanja siku ya 16 pekee, wa kwanza kufunguka amekaa siku 6 bila kinga yoyote, na kama virusi vimo bandani, vitamkuta kabla yako.

Sasa chukua chanjo ya kati iliyoongezwa nguvu, ambayo katika hesabu hizi huhesabiwa kupenya kwenye 500. Yule wa 500 alikuwa tayari siku ya 4, na yule wa 2000 siku ya 10. Hivyo mahali ambapo ugonjwa mkali umeshaingia, chanjo hiyo huweza kuziba pengo mapema zaidi. Mahali ambapo haujaingia, sioni sababu ya kuichosha bursa bure.

Kwa kundi lenye namba zilizoachana sana, watu huchanja mara mbili, zikipishana siku 7 hivi. Chanjo ya pili haipo ili kuikuza ya kwanza, kama wengi wanavyofikiri. Ipo ili kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwapata. Kwa kundi lenye namba zinazokaribiana, hulenga siku ambayo karibu robo tatu ya vifaranga wamefunguka, na mara moja hutosha. Kama huna njia ya kupima, basi chukulia kwamba kundi limeachana, hasa ukijua mayai yalitoka kwa wazazi wa umri tofauti, na upange mara mbili.

mlezi_mpya aliandika:

Nimeelewa sasa kwa nini ratiba ile ilionekana nzuri kwenye karatasi. Swali la mwisho: chanjo ya mdondo niliwapa siku ya kwanza kwa matone ya jicho. Kwa mantiki hii, nayo si ilizimwa na kinga ya mama?

tabibu_wa_ndege alijibu:

Kwa sehemu tu, na swali lako ni zuri. Kingamwili za mama za aina ya IgY zimo hasa kwenye damu. Chanjo hai ya mdondo ikidondoshwa jichoni huzaliana kwanza kwenye utando wa jicho na njia ya hewa, na kwenye tezi ya Harder iliyo nyuma ya jicho, mahali ambapo kingamwili za damu hazifiki kwa wingi. Kifaranga hujenga kinga pale mlangoni ambapo virusi vya mdondo hupitia, hata kama ukipima damu yake baadaye hutaona kiwango kikipanda. Kwenye Gumboro hatuna nafasi kama hiyo, kwa kuwa virusi lazima visafiri kwa damu kutoka utumbo hadi kwenye bursa, na njiani vinakutana na kingamwili za mama.

Lakini kinga hiyo ya mlangoni haidumu, na kwa damu, kingamwili za mdondo kutoka kwa mama nazo hupungua kwa nusu kila siku 4 na nusu hivi. Kwa sababu hiyo chanjo ya mdondo hurudiwa kifaranga akiwa na wiki 2 hadi 3. Hao 513 waliobaki kwako wamepitia Gumboro katika umri wa siku 24, na bursa zao zimeumia kwa viwango tofauti. Kama umewarudishia mdondo katika wiki mbili zilizofuata ugonjwa, usihesabu kwamba imeshika. Mpe mpima_damu sampuli 20 wiki 3 baada ya chanjo hiyo, na wakati unasubiri majibu, usilete vifaranga wengine kwenye banda hilo.